Kiapo Nilichokivunja Mlangoni pa Chumba cha Kamera

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa kitini. Nilikuwa laifgadi, mwokoaji wa waogeleaji, katika hoteli moja ya Galu, na kando ya bwawa la kuogelea niliwekewa kiti kirefu cha mbao. Shingoni nilivaa filimbi na miguuni palikuwa na boya jekundu. Wageni walikuwa wakinionea wivu. "Kazi yako nzuri," waliniambia, "unalipwa kukaa." Hawakujua nilichokuwa nikikitazama. Mtu anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Huwa kimya, kichwa kimeinuka kidogo, mdomo uko sawa na maji, na walio karibu naye wanaendelea kucheka. Kwa hivyo laifgadi hasikilizi kelele. Anamtafuta aliyenyamaza.

Naanza na kiti hicho kwa sababu binti ninayetaka kuandika habari zake hapa naye kazi yake ni ya kukaa kitini. Yeye ni mtaalamu wa usingizi hospitalini, anayewalaza wagonjwa kwa dawa na kuwatazama. Kati ya watu wote waliokuwa wamekaa bencheni wakingoja siku ile, mimi ndiye niliyepaswa kumwelewa upesi. Nilichelewa.

Mke wangu alikuwa akisumbuliwa na tumbo. Chakula kilikuwa kikimkwama kifuani, kikimchoma, mpaka akaanza kuogopa hata wali wa nazi alioupika mwenyewe. Daktari wetu wa Ukunda akasema apigwe kamera: mpira mwembamba wenye taa hupitishwa mdomoni ukashuka mpaka tumboni, na daktari akaona kila kitu kwenye kioo cha runinga. Akatuelekeza hospitali moja ya upande wa kusini. Akasema mgonjwa hudungwa sindano ya kumsinzisha, si nusukaputi ile ya kupasuliwa, ila usingizi mwepesi ili asiuhisi mpira unapopita. Mke wangu alifurahi kusikia kuna usingizi. Mimi niliogopa.

Mke wangu anakoroma. Ruhusa ya kuandika hivyo nimepewa naye, na bado naandika kwa kusitasita. Kwetu mwanamume akikoroma ni mzaha, mwanamke akikoroma ni aibu yake na ya nyumba yake. Zamani alikwenda kulala matangani kwa jamaa zetu wa Kombani. Desturi ni hiyo, wanawake hulala pamoja kwenye mikeka kumliwaza mfiwa. Asubuhi, wakichagua mchele, mmoja wao akasema, "Jana hapa limepita lori la mchanga mpaka alfajiri. Na dereva wake namjua." Wakacheka. Naye akacheka pamoja nao, lakini aliporudi nyumbani hakula. Tangu hapo hakulala tena kwenye matanga ya mtu. Alikwenda mchana, akapika, akaosha masufuria, na jua likianza kushuka akaaga. Watu wakasema anajivuna, ati mke wa mtu wa hoteli hawezi kulala mkekani. Yeye aliona afadhali aitwe mwenye kiburi. Akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, si dada yangu, si watoto wetu. Nikaapa kwa jina la Mungu.

Lakini kukoroma si jambo kubwa. Jambo lilikuwa lile linalokuja katikati. Sauti ilikuwa ikipanda, ikipanda, kisha ikakatika. Kifua kinasukuma na hakuna kinachoingia. Halafu anaivuta pumzi kwa kishindo, kama mtu anayetoka chini ya maji. Sauti ile naijua, nimewatoa watu bwawani wakiivuta hivyo hivyo. Nilikuwa nakaa kitandani nikiingoja pumzi ya pili, na asubuhi nakwenda kazini macho mekundu. Mwanamume mwingine angempeleka mkewe kwa daktari. Mimi nililichukua godoro langu nikahamia chumba cha uani, nikamwambia ni joto. Hata nilipostaafu nilibaki huko huko uani, nikilala vizuri. Hilo ndilo kosa langu, na silitafutii jina zuri.

Siku ya kamera tulifika hospitali mapema. Mke wangu alikuwa amefunga leso mpya, na mikono yake ilikuwa bado na hina ya harusi ya mjukuu wetu, imekolea mpaka kucha zimekuwa nyeusi. Tukakaa bencheni. Akaja binti mwembamba mwenye kofia ya kitambaa, akavuta kiti, akaketi mbele yetu, magoti yake karibu yaguse yetu. Kwa matamshi yake nilijua ni wa upande wa Kinango.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Daktari atakuwa na kamera yake. Mimi nitakuwa na wewe, mama, tangu unaposinzia mpaka unaponitajia jina lako. Sasa nitakuuliza maswali ya kuchosha. Tangu jana usiku umekula nini?"

"Sijala kitu. Mate tu nimemeza, kwa hofu."

"Mate ni halali, mama. Dawa unakunywa?"

"Ya presha."

"Na za kienyeji? Za kuchemsha?"

"Kuna mtu wa huku asiyekunywa mwarobaini?"

"Lini mara ya mwisho?"

"Juzi."

Akaandika. "Meno yote ni yako?"

"Yaliyobaki ni yangu."

Binti akacheka, nami nikaona bega la mke wangu linalegea kidogo. Nimewahi kuona watu wengi wakiuliza maswali kwa kuwa wameamriwa kuuliza, macho yako kwenye karatasi. Huyu alikuwa akiuliza na kungoja. Alimbana kidoleni kile kibanio kidogo chenye taa kinachosoma hewa ya damuni, na mashine ikapepesa bila kutoa namba ya kuaminika. Akajaribu kidole cha pili. Akakigeuza kiganja, akaitazama hina.

"Harusi ilikuwa ya nani?"

"Ya mjukuu wangu."

"Hongera. Hina ya namna hii hainiachi nisome. Niazime sikio." Akakipeleka kibanio kwenye ndewe ya sikio, namba ikatulia, naye akaridhika. Hakusema "mngeambiwa muitoe," wala hakutufanya tuone tumekosa.

Kisha akauliza, kwa sauti ile ile, "Ukilala unakoroma, mama?"

Mke wangu alinyoosha mgongo. "La, mwanangu. Mimi nikilala hutulia kama maji mtungini."

"Kuna aliyewahi kukuambia kwamba pumzi yako hukatika usingizini?"

"Nani wa kuniambia?"

Na hapo hakusema uwongo. Kuhusu kukoroma alijua. Kuhusu kile kimya, mimi ndiye pekee niliyekijua, na sikuwahi kumwambia.

"Na wewe baba? Usiku unasikia nini?"

Mke wangu hakunitazama. Alikuwa akikunja pindo la leso yake, akilikunjua, akilikunja tena.

"Mimi hulala chumba kingine," nikasema. "Kwa sababu ya joto."

Binti alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Hakunibishia. Akamwambia mke wangu afungue mdomo, atoe ulimi, ainue kichwa nyuma, na akaitazama shingo yake nene kwa makini kama fundi anayepima mlango. "Una shingo ya heshima, mama," akasema. Wakaenda pamoja ndani, nami nikabaki bencheni nimeshika viatu vyake.

Bencheni pia palikuwa na mama mmoja mnene mwenye kikapu cha ukili, akimngoja kaka yake. Kaka huyo akatolewa ndani kwenye kitanda cha magurudumu, amesinzia, anakoroma kwa sauti. Muuguzi aliyekuwa akikisukuma kitanda akasimama, akaweka vidole viwili chini ya kidevu cha yule mtu, akakiinua. Kukoroma kukakoma hapo hapo, pumzi ikaanza kupita bila sauti.

"Umemfanya nini?" akauliza yule mama.

"Kidevu tu. Dawa inalegeza ulimi, ulimi unaziba njia."

"Huyu hata akiwa macho hukoroma. Mngemdunga mdomo."

Muuguzi akacheka, wakaenda zao. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimefahamu jambo ambalo mtoto angelifahamu: ikiwa dawa inamlegeza hivyo mtu ambaye njia yake ni nzima, itamfanya nini ambaye njia yake hujifunga yenyewe bila dawa? Na yule binti mle ndani amejaza sindano yake akiamini maneno ya maji mtungini, kwa sababu mume, ambaye alilipwa miaka yote kuwatazama wanaonyamaza, amesema joto.

Nikakikumbuka kiapo. Sitasema nilikidharau. Nilisimama na viatu vya mke wangu mkononi, nikiwaza kwamba nikigonga mlango ule nitamvua nguo mbele ya watu, na yeye maisha yake yote amenisitiri mimi. Alinisitiri nilipofukuzwa kazi ya kwanza kwa ulevi. Alinisitiri kwa watoto. Kisha nikagonga.

Alitoka yule binti mwenyewe, mikono imevaa glavu.

"Anakoroma," nikasema. "Sana. Na pumzi inakatika."

Hakushtuka. Aliuvuta mlango nyuma yake. "Anakoroma vipi, baba? Nifanyie."

"Hapa?"

"Hapa. Nataka kusikia inavyokatika."

Basi mzee mwenye mvi, nimeshika viatu vya kike, nikakoroma katika ukumbi wa hospitali. Mwanzo kwa haya, kisha kama ilivyo. Nikaipandisha sauti, nikaipandisha, nikaikata. Nikakaa bila pumzi kwa kadiri nilivyokumbuka. Bencheni wote wakageuza shingo. Binti hakunitazama usoni, alikitazama kifua changu, na mimi nikaujua mtazamo ule, kwani ndio niliokuwa nao kitini. Kisha nikaivuta pumzi kwa kishindo.

"Hapo," akasema. "Na hukatika mara moja moja au mara nyingi?"

"Mara nyingi. Ndiyo sababu nikahama."

"Vizuri umesema. Shingo yake ilikuwa imenitia shaka, nikawa nimeshaamua kumpa kidogo. Lakini shaka si kama kujua." Akanieleza taratibu: atampulizia kooni dawa ya ganzi ili sindano ihitajike kidogo sana, atampa kwa matone na kungoja, atamtilia hewa puani, atamlaza ubavu, na dawa ya kumwamsha iko tayari mezani. "Na nikiona hafai leo, namwambia daktari tunaahirisha. Kuahirisha si aibu. Lakini mwili ni wake, baba, lazima ajue ninachokijua. Nimwambie mimi au wewe?"

Ningeweza kusema "wewe". Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza.

Niliingia. Mke wangu alikuwa amelala kwa ubavu wa kushoto, amefunikwa shuka la kijani mpaka mabegani, kichwani ana kitambaa safi walichompa badala ya mtandio wake. Daktari wa kamera alikuwa kwenye sinki ananawa mikono, akatugeuzia mgongo kwa adabu.

"Umekuja kufanya nini humu?" akaniuliza mke wangu.

"Nimemwambia unakoroma."

Akafumba macho. "Uliapa."

"Niliapa. Lakini kuna jingine sijakwambia hata wewe. Ukilala pumzi yako hukatika. Hukatika mpaka nadhani hairudi."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijahamia uani."

Mashine ilikuwa ikihesabu mapigo yake, tii, tii, nami nilikuwa nikisikia yanavyokwenda mbio.

"Nilijua si joto," akasema mwishowe. "Nilidhani umekimbia kelele."

"Nilikikimbia kile kimya."

Aligeuza macho kwa yule binti. "Haya, mwanangu. Sasa unajua na mimi najua. Nipe usingizi wako, lakini usiondoke."

"Siondoki, mama."

"Na huyu mtoe nje."

Nikatolewa. Mlango ulikuwa na kioo kidogo ambacho pazia lake halikufika mwisho, na hakuna aliyenikataza, basi nikasimama pale. Siwezi kueleza mambo ya kamera, sikuyatazama. Nilimtazama binti. Aliketi kwenye stuli kichwani pa mke wangu, nyuso zao zimekaribiana, kiganja kimoja chini ya taya na kingine begani. Mashine ilikuwa upande wake, mara moja moja akaitupia jicho, lakini hakuitegemea. Alikuwa akikitazama kifua. Daktari alisema kitu, muuguzi akapita na trei, kitu kikaanguka chini, yeye hakugeuka. Mimi nilipokuwa kitini Galu niliwahi kugeuka. Sote tuligeuka, mtu akipita na trei ya vinywaji.

Mara moja niliona shuka limesimama. Nilijua kabla ya kujua. Nami nilipokuwa naunyoosha mkono kuushika mlango, kile kiganja kilikuwa kimeshaisukuma taya mbele, kidogo tu, bila haraka, kama anavyofanya mtu anayemweka mtoto vizuri mgongoni. Akainama akasema kitu sikioni mwa mke wangu. Shuka likapanda. Mashine haikulia king'ora hata mara moja. Daktari hakuwa na habari, aliendelea kutazama kioo chake, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nilirudi bencheni.

Yule mama wa kikapu akanisogezea nafasi. "Mimi mume wangu hata jina langu hulisahau," akasema. "Wewe umekariri mpaka kukoroma."

Mke wangu alipotolewa alikuwa amefumba macho lakini anasema. Binti alitembea kando ya kitanda, mkono haujatoka begani, na hakuuondoa mpaka mke wangu alipotaja jina lake, na la baba yake, na kuuliza kama amelala vizuri.

"Vizuri sana, mama," akasema binti. "Kama maji mtungini."

Tumboni palikuwa na kidonda cha kutibika kwa dawa. Kuhusu pumzi, binti alituandikia barua ya kwenda kwa daktari mwingine, akatuambia alale ubavu, na siku hiyo asiachwe peke yake, asishike jiko wala asipande bodaboda. Nikamshukuru. Nilitaka kumwambia kuhusu kiti cha Galu, kwamba nimeiona kazi yake na ninajua ni nini, lakini alikuwa ameshavuta kiti kingine mbele ya mgonjwa mwingine. "Shikamoo baba. Tangu jana usiku umekula nini?"

Tulirudi kwa gari la jirani, na njiani nilimsaidia kutia dizeli kwa dumu. Tukafika Kona ya Musa, mke wangu ameketi nyuma nami. Pale, kwenye zogo la magari na wauza matunda, akasema, akitazama dirishani, "Kiapo kina kafara yake."

"Najua."

"Masikini kumi. Uwalishe washibe, si kuwaonjesha."

"Nitawalisha."

"Na utapika wewe. Mimi nimekatazwa jiko."

Jirani anayeendesha akauliza ni kafara ya nini. "Ya mambo yetu," mke wangu akamjibu, na nikajua kwamba, hata baada ya yote niliyoyafanya siku ile, bado ananisitiri.

Alasiri alilala chumbani kwetu, madirisha wazi. Nilivuta kiti nikaketi kichwani pake, kwa kuwa niliambiwa asiachwe peke yake. Akakoroma. Ikapanda, ikapanda, ikakatika. Nikaweka vidole viwili chini ya kidevu kama nilivyomwona muuguzi, nikainua. Sikuwa na uhakika nafanya sawa. Pumzi ikapita. Ilikuwa rahisi hivyo, na miaka yote ile nilikuwa na vidole. Bila kufumbua macho akasema, "Viganja vyako vinanuka dizeli." Nikaenda kunawa, nikarudi.

Chakula cha kafara nilikipika kikaungua chini, na waliokula walikuwa na adabu wakasema hakikuungua. Godoro langu nalo limetoka uani.

Siku hizi ana mashine ndogo tuliyoazimwa, ya kumpulizia hewa puani akilala, yenye mpira kama wa bustani. Mwezi uliopita kulifiwa tena Kombani. Nilimkuta alasiri anafunga mashine ndani ya leso, na mto, na kanga ya kubadilisha.

"Utalala huko?" nikamuuliza.

"Nitalala. Umeme wanao." Akakaza fundo. "Wakiniuliza hii ni nini nitawaambia ni ya lori. Na nimemwambia dada yako, nikinyamaza, aninyanyue kidevu."

Nikamchukulia mzigo mpaka barabarani.